Mtoto ana miaka miwili na miezi minne haongei, mama mkwe anataka akatwe udata. Waliopitia hili naomba uzoefu

#1 MamaKheri_Tabata
Habari wana jukwaa.

Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne. Maneno yake nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja: mama, baba, dudu, nyam, na "ta". Hiyo "ta" ni taa, ni maji, na ni "nataka". Kuelewa anaelewa. Nikimwambia leta ndala za baba analeta, tena anazipanga mlangoni. Akitaka kitu ananishika mkono ananiburuta mpaka kwenye friji. Anacheka, anakula, alitembea akiwa na mwaka na mwezi mmoja.

Wiki iliyopita mama mkwe amekuja kutoka Korogwe. Siku ya pili tu akamfungua mdomo, akamwinua ulimi, akasema huyu ana udata, ulimi umeshikwa, akatwe. Kuna mama huko kwao anakata kwa wembe na kuweka chumvi. Mume wangu anasema yeye mwenyewe alichelewa mpaka miaka mitatu, kwa hiyo ni damu ya kwao. Kliniki nilipouliza niliambiwa wanaume huchelewa, nisubiri. Watu watatu, majibu matatu, na mimi usiku silali.

Naomba kujua: udata kweli unamzuia mtoto asiongee? Nisubiri au niende wapi?

#2 Chalii_wa_Moshono
Dada tulia. Wa kwangu alifunga mdomo mpaka miaka mitatu kasoro. Alipoufungua hajaufunga tena, sasa yuko darasa la pili na mwalimu ananipigia simu kwa sababu ya maneno yake. Wavulana ndivyo walivyo.

#3 Bibi_wa_Chuda
Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaa saba na nimelea wajukuu kumi na moja. Wawili kati ya wanangu walikatwa udata na wote walisema baada ya hapo. Msidharau maneno ya wazee. Mama mkwe wako hakukosea kumtazama mtoto mdomoni. Nyie wa siku hizi mtoto anafika miaka miwili hamjawahi kumwangalia chini ya ulimi.

#4 Mkunga_Mstaafu
Shikamoo bibi #3. Kumtazama mdomoni hakukosea, hapo nakuunga mkono. Ila hapo kwenye wembe naomba niseme, maana nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi na nimepokea watoto waliotoka kwa wakataji.

Udata ni ule utando mwembamba chini ya ulimi. Kila mtu anao. Kwa baadhi ya watoto ni mfupi au umesogea mbele mpaka ncha, na ulimi ukitolewa nje unaonekana kama moyo wa kopa. Shida yake kubwa huonekana mapema sana, kwenye kunyonya: mtoto hashiki titi vizuri, mama anapata vidonda, uzito haupandi. Ndiyo maana namuuliza mleta mada: alinyonya vizuri?

Kwenye kuongea, udata mfupi unaweza kusumbua sauti zinazohitaji ncha ya ulimi ipande juu, kama l na r. Hauwezi kumfanya mtoto asiwe na maneno kabisa. Jaribuni wenyewe: bana ulimi chini usiunyanyue, kisha sema mama, baba, bibi, paka, kuku, hapa. Yote yanatoka au yanakaribia. Mtoto mwenye udata ataongea, ila maneno mengine yatakuwa na kasoro.

Na msichanganye udata na kimeo. Kimeo ni kile kinachoning'inia nyuma kooni. Watu wanakikata kwa ajili ya kikohozi kisichoisha na kutapika, na wengine wanakikata hata kwa kuchelewa kuongea. Nimeona mtoto aliyevuja damu mpaka akaongezewa damu hospitalini. Nimeona pepopunda. Wembe mmoja watoto sita, fikirieni homa ya ini na ukimwi. Ikibidi udata ukatwe, ukatwe na daktari, ni kazi ya dakika chache.

#5 Bibi_wa_Chuda
Marahaba mwanangu. Kimeo sikutaja mimi, nimetaja udata. Na wangu wawili walisema.

#6 Mkunga_Mstaafu
Ni kweli bibi, nakubali hukutaja. Walikatwa wakiwa na umri gani?

#7 Bibi_wa_Chuda
Mmoja miaka miwili, mmoja miwili na nusu.

#8 Mkunga_Mstaafu
Huo ndio umri ambao watoto wengi waliochelewa huanza kufunguka hata wasipoguswa. Siwezi kuapa kwamba wangeongea bila kukatwa, ila na wewe huwezi kuapa kwamba ni wembe uliowafungua.

#9 Fundi_Redio_Mwanza
Mbona mnazunguka? Ni simu na runinga. Mama anampa mtoto simu apate kupika, dada wa kazi anawasha katuni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Mtoto anajifunza kutazama, hajifunzi kuongea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja asiangalie kabisa, na kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Mleta mada, zima runinga mwezi mmoja halafu uje utuambie.

#10 Nuru_wa_Kigamboni
@Fundi_Redio_Mwanza ningekubali kama nisingekuwa na Aisha. Kwetu runinga iliharibika kabla hajazaliwa na hatukununua nyingine, simu yangu ilikuwa ya kitochi. Aisha hakuongea mpaka miaka mitatu na miezi miwili. Dada yake aliyemfuata amekulia kwenye katuni za jirani na aliongea na miezi kumi na nne. Nyumba moja, mama mmoja, maneno yale yale.

Sisemi simu haina shida. Inakula muda ambao mtoto angeongeleshwa. Ila ukiweka lawama yote hapo, mama anajilaumu, anazima runinga, anakaa mwezi akisubiri muujiza, na kama kuna tatizo lingine linazidi kukomaa.

#11 Fundi_Redio_Mwanza
Sawa, Aisha wako mmoja. Mimi mtaani kwangu nawaona kumi.

#12 Sikio_Kwanza
Nimesoma uzi wote na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mimi naliuliza kwanza kila siku kazini: ANASIKIA?

Nafanya kazi kwenye kitengo cha usikivu, hospitali siitaji. Mzazi akiniletea mtoto asiyeongea, kabla ya udata, kabla ya runinga, kabla ya damu ya kwao, napima masikio. Kwa kawaida mtoto mmoja mpaka watatu katika kila elfu wanazaliwa na upungufu mkubwa wa usikivu. Baadaye wanaongezeka wengine kwa homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya siku za mwanzo, kuzaliwa njiti, dawa kama gentamicin zikitumika bila uangalizi, na masikio yanayotoa usaha mara kwa mara.

Najua mtasema "lakini anageuka nikimwita", "anasikia pikipiki ikifika getini". Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Usikivu si taa ya kuwaka au kuzima. Kuna mtoto anayesikia ngoma, mlango, pikipiki, sauti ya baba, yaani sauti nzito, lakini s, sh, f na th hazimfikii. Kwake "shuka" na "suka" ni kitu kimoja, na mwisho anaacha kuhangaika. Kuna mwingine ana maji nyuma ya kiwambo cha sikio baada ya mafua, anasikia kama mtu aliyezama kwenye pipa, wiki hii vizuri, wiki ijayo vibaya. Huyo hata kipimo cha nyumbani atakifaulu siku nzuri.

Na kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Anahisi upepo, anaona kivuli chako, anakuona ulivyosogea. Mpeleke kitengo cha masikio, pua na koo. Kuna kipimo kinachofanyika mtoto akiwa amelala, hahitaji kujibu chochote, waya chache kichwani na mashine inasoma namna mshipa wa sikio na ubongo unavyoitikia sauti.

#13 Baba_Tunu
#12 umenigusa. Naomba niandike kidogo, ingawa si rahisi.

Tunu wangu alilazwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi tisa. Tukamshukuru Mungu amepona. Alikuwa ameanza "bababa", "dadada", baada ya kutoka hospitali akanyamaza. Tukasema ni udhaifu wa ugonjwa. Kufika mwaka na nusu tukasema ni mzito. Shangazi yake akasema amerogwa na mpangaji mwenzetu, tukahama nyumba. Nimehama nyumba, ndugu zangu, kabla sijampima mtoto masikio. Alipopimwa alikuwa na miaka mitatu, masikio yote mawili hayakusikia karibu chochote.

Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia mwaka 2017, kabla ya hapo watoto walikuwa wanapelekwa India. Kwetu haikuwezekana, kwa umri na kwa fedha. Tunu yuko shule ya viziwi sasa, anatumia lugha ya alama, anasoma, anachora, anagombana na mdogo wake kwa mikono mpaka nawaamulia. Mimi na mama yake tumejifunza alama ukubwani. Ninachojuta ni ile miaka miwili ambayo mtoto wangu hakuwa na lugha yoyote, si ya mdomo wala ya mikono, kwa sababu baba yake alikuwa anasubiri.

#14 MamaKheri_Tabata
Baba Tunu, asante kwa kuandika. Nimeisoma mara mbili.

Kujibu maswali: alinyonya vizuri, Mkunga, miaka miwili kasoro mwezi. Manjano alipata siku ya tatu, tukaambiwa tumwoteshe jua asubuhi, yakaisha. Sikio la kulia lilitoa usaha mara mbili, mara ya mwisho Ramadhani iliyopita. Dada wa kazi ni Msukuma, anamwongelesha Kisukuma muda wote tukiwa kazini. Mume wangu anapenda aongee Kiingereza kwa sababu ya shule anayotaka kumpeleka. Mimi Kiswahili. Labda tumemchanganya?

#15 Chalii_wa_Moshono
Hapo sasa umejibu mwenyewe. Lugha tatu kichwa kimoja, lazima akwame. Chagua moja.

#16 Umm_Salma_Muscat
Kaka Chalii, hapana. Sisi huku Muscat watoto wetu wanakua na Kiswahili cha bibi, Kiarabu cha mtaani na Kiingereza cha shule, na wenye matatizo ya lugha si wengi kuliko kwingine. Lugha nyingi haziumbi ugonjwa. Anaweza kuchanganya, akasema "nataka khubz", yaani mkate, hilo si tatizo.

Mwanangu wa pili alipochelewa, daktari aliniambia nihesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Kama anasema "maji" na "maayi" kwa kitu kimoja, yote mawili yanahesabiwa. Nilikuwa nahesabu ya Kiswahili tu nikapata kumi na mbili. Nilipojumlisha ya Kiarabu aliyopata kwa jirani nikafika thelathini na kitu. Bado alikuwa nyuma, lakini si nyuma niliyodhani. Dada, muulize dada wa kazi kwa utaratibu, usimtishe: anasema nini na wewe kwa Kisukuma?

Na usimkataze Kisukuma. Mtu anayekaa na mtoto saa tisa kwa siku akilazimishwa lugha asiyoimudu, atamnyamazia mtoto. Hilo ndilo baya.

#17 MamaKheri_Tabata
Nimemuuliza sasa hivi jikoni. Anasema "mayu" anasema, na "minzi" anaiita "mi". Sikujua. Nimekaa nikalia kidogo.

#18 Ng'wanamalundi_Jr
Mayu ni mama, minzi ni maji. Kijana wetu huyo, mleteni Shinyanga ataongea.

#19 Mama_wa_Usonji
Samahani, nitaleta jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, lakini ni lazima mmoja aliseme. Usonji, yaani autism.

Mwanangu alikuwa na maneno kumi hivi akiwa na mwaka na miezi minne, yakapotea moja moja. Akiitwa jina hageuki, lakini pakiti ya biskuti ikichanwa chumba cha pili anakuja. Hakuwahi kunionyesha kitu kwa kidole ili tu nikione. Alikuwa anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja saa nzima. Mleta mada, umesema anazipanga ndala mlangoni, na anakushika mkono kukuburuta. Wangu alikuwa anautumia mkono wangu kama kijiko.

Kuna dodoso la maswali ishirini kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30, linaitwa M-CHAT. Halimpi mtoto jina la ugonjwa, linaonyesha tu nani aangaliwe zaidi. Wako yuko ndani ya umri huo kwa miezi miwili tu.

#20 Nuru_wa_Kigamboni
Mama, kupanga ndala mlangoni kila mtoto wa Kiislamu anapanga, anaona watu wakivua.

#21 Mama_wa_Usonji
Huenda. Ndiyo maana nauliza, sijahukumu. MamaKheri, anakuonyesha vitu? Ndege ikipita anakutazama wewe kisha ndege? Anamlisha mwanasesere au gari linakunywa chai?

#22 MamaKheri_Tabata
Ndege anaonyesha kwa kidole, anapiga kelele, ananitazama. Jana alimfunika paka khanga akampapasa alale. Jina lake, akiwa anacheza nyuma yangu, mara anageuka mara hageuki.

#23 Sikio_Kwanza
"Mara anageuka mara hageuki" na sikio lililotoa usaha mara mbili. MamaKheri, weka miadi wiki hii tafadhali.

#24 Mwita_Tarime
Mimi naomba kuuliza hili la r na l. Mkunga alisema udata unasumbua l na r. Sasa kwetu mtoto anasema "nataka kurara", baba yake anasema "nenda kurara", na babu anasema "wote mrare". Tukakatwe ukoo mzima?

#25 Ng'wanamalundi_Jr
Nyie rareni tu mkuu, sisi huku tunapita balabalani.

#26 Mwalimu_Chekechea_Moro
Swali la Mwita limenichekesha ila ni zuri, maana kila mwaka naletewa mtoto wa hivyo akiitwa mgonjwa. Lafudhi si tatizo la usemi. Mtoto anayesema kama watu wa kwao wanavyosema amejifunza sawasawa kabisa. Tatizo ni pale anaposema tofauti na kila mtu aliyemzunguka, katika umri ambao wenzake wameshavuka.

Kuna utafiti wa matamshi ya watoto wa Kiswahili uliofanyika Dar na kuchapishwa 2015. Kwa ufupi, sauti nyingi za Kiswahili mtoto wa kawaida anakuwa nazo kufikia miaka minne hivi. Kwa hiyo wa miaka miwili na nusu akisema "dizi" kwa ndizi, "gombe" kwa ng'ombe, "gali" kwa gari, muache. Akisema "taka maji" badala ya "nataka maji" pia muache, watoto wetu huanza kwa kuangusha viambishi vya mbele. Ukisoma vitabu vya Kiingereza havitakwambia hili, kwa sababu Kiingereza hakina "ni-na-ku-" mbele ya kitenzi. Ndiyo maana nasikitika tunapowapima watoto wetu kwa orodha za huko.

Na tutenganishe mambo, naona hapa yamewekwa kapu moja. Kuna mtoto ambaye matamshi ndiyo yamepinda ila maneno anayo mengi. Kuna mwenye kigugumizi. Kuna mwenye kithembe. Na kuna ambaye lugha yenyewe haijakaa: anasikia vizuri, akili nzuri, hana usonji, lakini sentensi hazijengeki na maelekezo marefu yanampotea. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote, kwa sababu haonekani. Utafiti wa Uingereza ulikuta karibu watoto wawili katika darasa la thelathini wako hivyo. Huku kwetu tunamwita mvivu, mzito, mtoro wa akili. Nilikuwa naye mmoja, nikimwambia "chukua daftari, weka juu ya meza, halafu kaa" alikuwa anakaa tu. Nilimchapa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anashika neno la mwisho. Sijamchapa mtoto tena.

#27 Mvita_Asilia
Salaam kutoka Mombasa. Mwalimu umetaja kigugumizi, hebu nami mnisaidie. Mwanangu alikuwa yuasema vizuri, alipofika miaka mitatu u nusu akaanza "ma-ma-ma-mamangu", akafinya macho. Babu yake mzaa baba ana kigugumizi mpaka leo, lakini akisoma Kurani au akiimba hakigugumi hata herufi. Mamangu yuamwambia mtoto kila mara "pumua kwanza, sema polepole".

#28 Mwalimu_Chekechea_Moro
Babu si mwujiza, ndivyo kigugumizi kilivyo: kwenye kuimba na kusoma kwa pamoja mara nyingi hutoweka. Kinarithiwa katika koo. Watoto kama mmoja kati ya ishirini hukipitia, wengi wao kinaondoka, ukubwani anabaki kama mmoja katika mia. "Pumua kwanza" inamfanya ajue kwamba mdomo wake una kosa, anaanza kuogopa kusema. Mtazame usoni, msubiri amalize, usimmalizie neno. Ila kwa kuwa ukoo unacho na ameanza kufinya macho, usikae nyumbani tu, tafuta mtaalamu wa usemi hapo Mombasa.

#29 Sheikh_wa_Mtaa
Msisahau dua pia. Musa amani iwe juu yake aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake. Kila kitu kina sababu, na aliyeumba sababu yupo.

#30 Baba_Tunu
Amina sheikh. Mimi nilisoma dua hiyo mwaka mzima. Ningeomba tu kila atakayeambiwa asome dua aambiwe na hospitali siku hiyo hiyo.

#31 Sheikh_wa_Mtaa
Ni kweli ndugu yangu. Nimekuelewa, na nitaisema hivyo.

#32 MamaKheri_Tabata
(wiki tatu baadaye) Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

Tulikwenda. Udata: daktari ameangalia, amesema ni wa kawaida, ulimi unafika kwenye midomo na unapanda juu. Mama mkwe nilimchukua twende naye, akasikia kwa masikio yake, akanyamaza njia nzima. Kufika Buguruni akasema "basi la wembe tuache". Masikio: kulia kuna maji nyuma ya kiwambo, usikivu umepungua, si sana. Kushoto kuzuri. Wamesema wataangalia tena baada ya miezi mitatu, yasipoondoka watafanya utaratibu wa kuyatoa.

Ila daktari alisema sikio moja lililopungua hivyo halitoshi kueleza maneno machache kiasi hiki. Wametuandikia kwa mtaalamu wa usemi, foleni ni ndefu, tumepangiwa mwezi wa tatu. Mume wangu bado anasema ni damu ya kwao. Shangazi yake amethibitisha, kumbe na mdogo wake pia alichelewa.

Nikisubiri nifanye nini nyumbani?

#33 Mwalimu_Chekechea_Moro
Acha kumwambia "sema maji! sema maji!" Mfuate anachotazama, kitaje, kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hesabu moja mpaka kumi moyoni. Wazazi wengi hatuwezi, tunajaza kimya wenyewe. Akisema "ta" akionyesha maji, usimnyime mpaka atamke vizuri. Mpe huku ukisema "maji. Maji baridi." Ongeza neno moja tu juu ya alilosema. Kaa upande wa sikio la kushoto, uso wako auone. Michezo ya kuimba na kupiga makofi kila jioni, ukatize wimbo katikati umwachie nafasi.

#34 Fundi_Redio_Mwanza
Na runinga?

#35 MamaKheri_Tabata
Tumeizima mchana kaka, tangu siku ile ulipoandika. Sijui kama ni hiyo, ni sikio au ni damu, ila jana kasema "mi" akaongeza "baidi".

#36 Fundi_Redio_Mwanza
Nimefurahi sana. Sitasema nilisema.

#37 Bibi_wa_Chuda
Mpe salamu mama mkwe wako. Mwambie wa Chuda nimemsoma, na hata mimi mjukuu wangu wa mwisho nitampeleka akaangaliwe sikio, linatoa maji tangu kiangazi.

#38 Dina_Kihesa
Samahani kuingilia uzi wa mtu. Wangu ni wa kike, miaka minne na miezi mitatu, Iringa. Maneno anayo mengi mno, ila k zote ni t. Kuku ni "tutu", kaka ni "tata", Kihesa ni "Tihesa". Watoto wenzake wameanza kumcheka. Naye nisubiri?

#39 Sikio_Kwanza
Masikio yamepimwa? Na nikuulize kingine: wewe ukimwambia "tutu" kwa makusudi, anakubali?

#40 Dina_Kihesa
Kupimwa bado. Hakubali hata kidogo. Nimemjaribu sasa hivi, nikasema "tutu yule anakunywa maji". Amekasirika, amepiga mguu chini, anasema: "Si tutu mama! Ni TUTU!"

#41 Mwalimu_Chekechea_Moro
Basi kichwani mwake k ipo, anaisikia ukikosea wewe, mdomo ndio haujaipata. Kwa miaka minne na miezi mitatu mimi nisingesubiri. Kapime masikio kwanza, halafu uje hapa nikueleze tunavyoanza na sauti ya kusukutua maji kooni.